Chai Utakayommiminia Bwana Lau

Acocks Green, Birmingham
Jumamosi jioni

Mghoi mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko chumbani juu ya kichwa changu, unaburuta lile sanduku la kijani, na kila ukiliburuta taa ya jikoni inatikisika. Yangu nawe unaijua, maana hii ni wiki ya tatu tunapishana ngazini kama wapangaji wasiojuana. Basi salamu tuzivuke. Mama yako yuko zamu hospitalini hadi asubuhi. Ni saa tatu usiku, na jua la kiangazi hiki cha ukame bado limekaa juu ya uzio wa jirani, na mimi nimeshika kalamu kwa sababu mdomo wangu umekataa kupanda ngazi.

Habari za soksi, sweta, dawa ya kifua na kanisa la kusali huko Liverpool, mama yako amekwisha kukuambia, na ukizisahau atakuandikia. Mimi nina neno moja, na nalisema mapema nisije nikalizunguka hadi wino ukaisha. Nina wivu. Namwonea wivu Bwana Lau, na wewe pia nakuonea wivu, ingawa ni aibu baba kumwonea wivu mtoto aliyembeba mabegani. Wiki hizi tatu nimeupa wivu huo majina mengi: nimeuita mila, nimeuita heshima, nimeuita usalama wa binti katika mji wa watu. Mama yako alinisikiliza huku akikunja sare zake za unesi, kisha akasema, "Mzee, hebu niache. Huo ni wivu wa mke mwenza." Nilikasirika siku nzima, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Na linalouma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyekupeleka kwa Bwana Lau. Hakuna wa kumlaumu. Nilikushika mkono, nikakulipia basi, nikakufikisha mlangoni pake.

Judo nilijifunza Nairobi kabla hujazaliwa, katika ukumbi wa karakana nilikokuwa nafanya kazi, mimi na Mohinder, yule Singasinga aliyekuwa akichomelea vyuma benchi linalofuata langu. Yeye alitangulia kuja Birmingham, sisi tukafuata, akanitafutia kazi kiwandani kwake Aston, na jioni tukafungua darasa letu la judo katika ukumbi wa kanisa. Mikeka tuliishona wenyewe kwa maturubai. Siku za mechi kelele za uwanja wa mpira ziliingia hadi pale, na Mohinder alikuwa akiinama kuwapokea mashabiki kana kwamba ni yeye wanayemshangilia.

Ulikuwa na miaka kumi. Wavulana wa shule walikufuata hadi mlangoni kwetu wakikuita majina ambayo hukutaka kuyarudia mbele yangu. Ulisema tu kwamba unataka kujua kupiga. Mimi nikakufundisha kuanguka. Majira yote ya baridi hukumtupa mtu hata mmoja. Ulianguka kwa mgongo, kwa ubavu, kifudifudi, unapiga mkeka kwa kiganja, unainuka, unaanguka tena. Siku moja ukaniuliza ukiwa na machozi, "Baba, when do I throw somebody?" Nikakwambia utamtupa mtu ukiacha kuiogopa sakafu. Ulininunia hadi Jumapili.

Ukaja ukawa mzuri kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wako, na hilo halikuniuma hata chembe. Kila ulipomtupa mtu niliuona mkono wangu pale. Watu wa Aston walikuwa wakisema, "Huyu wa Mwakio huyu," nami nikijifanya sijasikia ili waseme tena. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa tajiri katika ukumbi wenye paa linalovuja, basi ni mimi.

Kisha zikaja zile sinema za kung fu. Ghafla kila kijana wa Aston anarusha mateke kwenye kituo cha basi na kulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nusu ya wanafunzi wetu walihama. Mohinder alicheka, mimi sikucheka. Niliposikia kuna Mchina anayefundisha Moseley, katika chumba cha chini cha nyumba moja kubwa ya zamani, nikasema nitakwenda kumwona tapeli huyo kwa macho yangu, na wewe utakuwa shahidi. Ulikuwa na miaka kumi na saba na mkanda wa kahawia. Mimi niliufunga mkanda wangu mweusi tangu nyumbani, nikavaa koti juu yake.

Kumbe tapeli mwenyewe, huyu Bwana Lau, ni fundi saa. Mtu mfupi, miwani, sauti ya kuongea na mgonjwa. Aliutazama mkanda wangu, kisha akautazama ukuta wenye misumari ya makoti, akasema kwa upole kwamba vitu vya kuvua huwekwa pale. Wewe ulifungua wako ukautundika papo hapo. Mimi niliukunja nikautia mfukoni, na ncha nikaiacha nje makusudi.

Akatuweka nyuma ya watoto. Mimi, niliyekuwa nikiwaamrisha wanaume wazima, nikasimama nyuma ya mtoto mwenye kamasi, magoti yamekunjwa kama nimepanda farasi, hadi mapaja yakaanza kutetemeka. Hiyo nilivumilia. Lililonishinda ni lile zoezi la mikono. Wewe unalijua kuliko mimi, lakini acha nilieleze nilivyoliona: mnasimama wawili, mikono imegusana kati ya kiwiko na kifundo, inazunguka taratibu, na kazi yako ni kuhisi mwenzako anaelekea wapi. Unagusa, hukamati. Sasa judo nzima ni kukamata. Tunakamata kola, tunakamata mkono wa nguo, tunakamata mkanda. Kila mkono wa Bwana Lau ulipoteleza juu ya wangu, vidole vyangu vilifunga vyenyewe.

"Mbona unashika?" aliniuliza.

Nikaacha. Nikashika tena.

"Unashika nini?" aliuliza, na wala hakuwa akinidhihaki, alitaka kujua kweli. Nilimjibu kwamba kwetu ndivyo tunavyofanya. Samaki hukunjwa angali mbichi, Mghoi, na mimi nilikuwa nimekauka miaka mingi.

Hapo ndipo nilipokosea, na kama sanduku lako bado lina nafasi nakuomba ulibebe kosa hilo uende nalo. Sikushindwa kwa sababu ya umri. Kila Bwana Lau alipotuonyesha jambo, nilikimbilia kulitafutia ndugu yake katika judo. "Hii ni kama ile yetu." "Hii sisi tunaifanya kwa nyonga." Nilikuwa mwenye duka anayesimama mlangoni asiibiwe, na mwenye duka wa namna hiyo hanunui kitu. Wewe ulikosea ukacheka. Ulikanyaga mguu wako mwenyewe ukacheka, ukauliza tena, ukakosea kwa njia nyingine. Mimi sijawahi kucheka nikikosea mbele ya watu, na ukinichunguza kanisani utaona siimbi wimbo nisioujua. Nilikuonea wivu siku ile ile ya kwanza, kwenye basi la kurudi, ulipokuwa ukizungusha mikono hewani na abiria wakikutazama nawe hujali.

Huko uendako watakuja watu kama mimi, watu wazima wenye mikanda yao mfukoni. Usiwacheke. Hawana kiburi kama wanavyoonekana. Wanaogopa kwamba wakianza upya, ile miaka ya nyuma itakuwa si kitu. Waulize walijifunza wapi na waache wasimulie kidogo. Bwana Lau hakuniuliza, na mimi ningesimulia hadi kesho. Na wewe mwenyewe usije ukaisema judo vibaya ili upendwe. Nimewaona vijana wakihamia mchezo mpya na kuutukana wa zamani, mwalimu mpya akitabasamu. Moyoni anajua zamu yake inakuja.

Niliacha kabla ya Krismasi nikasingizia bega. Bega lilikuwa zima kabisa. Niliposema naacha nilitegemea utaacha na mimi. Sikulisema, nililitegemea tu, kama ninavyotegemea chakula mezani. Ulisema, "Pole, Baba," ukachukua nauli juu ya kabati ukakimbilia basi.

Tangu hapo nikawa natazama. Ulianza kuosha vyombo umesimama kwa namna nyingine: kiuno kimeshuka, mabega yamelala, uzito katikati ya miguu. Nilikutazama mgongoni nikaona mwanaume mwingine ameingia jikoni kwangu. Halafu hii saa ya ukutani. Ilikuwa imesimama tangu tuhamie nyumba hii na hakuna aliyelalamika. Ukaishusha, ukaifungua hapa mezani kwa bisibisi ndogo aliyokuazima yeye, ukaitia mafuta kwa unyoya, ikaanza kwenda. Mama yako alishangilia. Mimi nilikuwa naipenda ikiwa imesimama. Tangu siku hiyo inapiga tik, tik, na kila ikipiga namsikia Bwana Lau akinihurumia. Hata sasa inapiga.

Jumamosi ile baada ya Pasaka, unajua ninayoisema. Nilikuita mkekani mbele ya darasa zima nikasema tunawaonyesha mitupo. Uongo. Nilitaka kukurudisha. Nilikutupa, ukainuka, ukainama kwa heshima, nikakutupa tena, kwa nguvu ambayo haikuwa ya kuonyesha kitu chochote. Mohinder aliniita jina langu kutoka ukutani, nikajifanya sikumsikia. Kisha nikaishika kola yako na sikupata kitu. Kola ilikuwepo, wewe hukuwepo. Mkono wako ulikuwa umeugusa wangu tu, pale pale kati ya kiwiko na kifundo, na mimi nikajikuta nimekaa kitako chini kama mtu aliyevutiwa kiti.

Darasa lilipiga makofi. Wewe uliziba mdomo kwa mkono, macho yanang'aa, unanitazama uone kama nimefurahi. Nikasimama, nikakung'uta suruali, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Hiyo si judo. Hapa tunacheza judo." Ukainama, ukachukua koti lako. Hujakanyaga Aston tena, na mimi sikukuuliza kwa nini.

Nilikuwa nimefurahi, Mghoi. Nikiwa bado chini pale nilifurahi hadi kicheko kikanifika kooni, maana sijawahi kuangushwa vizuri namna ile na mtu yeyote. Kisha nikakumbuka kwamba si mimi niliyekufundisha, na kicheko kikageuka nyongo. Ningecheka tu, leo ningekuwa ninakusaidia kufunga sanduku.

Sasa tufike kwenye lile la machungwa, ambalo najua umewasimulia rafiki zako wakavunjika mbavu. Lakini nawe ulianza vibaya. Ulisema, "Baba, Mr Lau anataka kuja kuwaona Jumapili. Anahamia Liverpool, and he wants to ask you something. About me." Basi. Ukapanda juu. Mimi nikakaa nikajumlisha. Bwana Lau ana kijana wa kiume, mrefu, mtulivu, aliyekuwa akikusindikiza hadi kituoni siku za giza. Wajomba zako wote wako nyumbani Wundanyi. Nikamwita Mohinder awe mzee wa upande wetu, nikamwambia afunge kilemba kizuri. Mama yako akanunua keki. Nikapiga pasi suti.

Bwana Lau akaja na mzee wa kofia aliyetembea polepole, na machungwa kwenye mfuko, na kopo la majani ya chai limefungwa karatasi nyekundu. Sasa niambie wewe. Kwetu mtu akija na mzee wa kumsindikiza na kifurushi mkononi, kuzungumza habari za binti, amekuja kwa jingine? Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu. Sikumngoja. Nikasimama nikamwambia kwamba sisi Wataita hatumtoi binti kwa kikao kimoja. Kwamba wajomba lazima waarifiwe. Kwamba habari ya ng'ombe na mbuzi tunaweza kuiangalia kwa namna nyingine, kwa kuwa Acocks Green hakuna pa kuwafuga. Lakini kijana wake tumemwona, ana adabu, na mimi si mtu mgumu.

Bwana Lau akamgeukia mzee wake. Mzee akamgeukia Mohinder. Wewe ukasema, "Oh my God, Baba," ukaufunika uso kwa mto wa kochi. Mohinder ndiye aliyeelewa kwanza.

"Mwakio," akaniambia kwa Kiswahili chake cha karakana, "wewe kaa chini. Hii mtu hapana taka bibi. Yeye nataka mwanafunzi."

Mama yako alitoka akaenda kucheka jikoni. Nilimsikia.

Ndipo Bwana Lau akaeleza, polepole, akichagua maneno. Anafungua duka Liverpool, na nyuma ya duka shule yake mwenyewe. Anataka uwe mwanafunzi wake wa kwanza wa ndani, ukae na mke wake na watoto wake. Siku ya kufungua, mwanafunzi hupiga magoti, hummiminia mwalimu chai, mwalimu akiinywa amekuwa mzazi wake katika kazi hiyo hadi kufa. Na kwa desturi yao, mtu aliyekwisha kufunzwa na mwalimu mwingine hachukuliwi hivi hivi. Yule wa kwanza lazima aje, akae pale, aseme kwa mdomo wake kwamba amemwachilia. Asipokuja, binti atakaa kwao vizuri, atafanya kazi dukani, atajifunza pamoja na wengine. Lakini chai yake haitanywewa.

Heri angeposa! Posa naijua. Nasema ndiyo, nasema hapana, nakula keki, na binti akiolewa anabaki wangu. Huyu alitaka kile kimoja nilichokuwa nacho katika mji huu ambacho hakuna mtu mwingine anacho. Na tena magoti. Wewe umebeba jina la mama yangu. Tangu siku uliyozaliwa nakuita mama, na sijawahi kukubali unipigie magoti hata kwa mchezo, maana ni nani anayepigiwa magoti na mama yake? Sasa mama yangu aende Liverpool akampigie magoti fundi saa, birika mkononi! Damu ilinipanda machoni. Nikasema hapana, siendi, na machungwa ayachukue. Hakuyachukua. Mliyala nyinyi, mimi sikugusa hata moja, ingawa harufu yake ilinitesa.

Jioni ile uliniambia utaondoka hata hivyo. "You just can't stand that somebody else can teach me," ulisema, eti sivumilii mtu mwingine akufundishe, kwa Kiingereza, kama ufanyavyo ukitaka neno likate. Nikakwambia ufunge mlango. Neno la mwisho tulilosemezana ni mlango.

Nilidhani mama yako atakwenda badala yangu na mambo yataisha. Akakataa. "Mimi sikumfundisha kumwangusha mtu," alisema. "Aliyemfundisha ndiye anayesubiriwa." Alisema akiwa amesimama kizingitini na mkoba wake wa kazini, na hakungoja jibu.

Basi juzi Alhamisi, mashine zimezimwa kwa ajili ya chai, Mohinder akavuta kreti akakaa karibu nami. Alikuwa na jambo alilolikalia wiki tatu akingoja nipoe. Siku ya machungwa, mimi nilipobaki nikinguruma sebuleni, yeye aliwasindikiza wageni hadi kituo cha basi.

"Ile siku yeye nasema mimi maneno," Mohinder akaanza. "Nasema, hii msichana, kila kitu mimi nafundisha yeye, nakuta mkono ya mtu ingine nakwisha pita hapo. Ile kuanguka yake, mwanafunzi yangu hakuna naweza. Siku moja mtu kubwa napiga yeye mguu, naanguka kwa mbao, paa! Yeye nasimama tu, nacheka. Lau nauliza, nani nafundisha wewe hii? Nasema, my dad."

"Na Lau akasemaje?"

"Nasema naona wivu wewe, tangu baridi. Jealous, Mwakio. Mimi nasikia na hii masikio yangu."

Hukuniambia habari za siku hiyo. Najua; ungeniambiaje, nami ningekujibu nini? Nilikaa na kikombe changu nikacheka peke yangu hadi msimamizi akageuka. Usidhani moyo wangu uliyeyuka kama wa mtakatifu. Nilifurahi kwa ubaya kabisa. Kumbe na yeye roho inamuuma! Kumbe kila ukianguka sakafuni kwake ni mimi ninayepita mlangoni na mkanda wangu! Chai ya kiwandani, ambayo unajua ilivyo, ilikuwa tamu siku hiyo.

Ila baada ya kicheko, nikirudi nyumbani kwa basi, nikamfikiria vizuri. Mtu ana wivu kama wangu, na bado alivaa tai, akamchukua mzee wa watu, akabeba machungwa, akaja hadi kwangu kuniomba, akijua kwamba bila mimi hawezi. Angeweza kukuchukua tu. Wewe ulikuwa umekwisha kukubali. Mimi wivu wangu ulinifanya nikutupe mbele ya watu, na kukwambia ufunge mlango. Sikupenda nilivyoonekana nikisimama karibu na mtu yule. Nilishuka kituo kimoja kabla ili nitembee, na nyasi zote za bustani zimekauka zimekuwa rangi ya mkeka wetu, na njia nzima nilitaka kukupigia hodi. Nilipofika nilipita mlango wako nikaenda kulala.

Mwanangu, siku moja Bwana Lau atakukosea. Sisemi kwa kumtakia mabaya, au nasema kwa kumtakia kidogo tu. Walimu wote hufika mahali mwanafunzi anawapita, na pale ndipo wanapofanya upumbavu. Akifanya wake, mpe muda kuliko ulionipa mimi, na kama utaweza, nipe na mimi kidogo uliobaki. Na ukipata mwanafunzi wako, ukampenda kama nilivyokupenda pale mkekani, naye akaja kukwambia amepata mwingine, utaniandikia. Sitacheka. Nitacheka kidogo, kisha nitakujibu.

Sasa sikiliza. Nimeipiga pasi ile suti ya posa. Tikiti yangu nimeikata leo mchana, imo ndani ya Biblia ya mama yako, muulize akirudi kama huniamini. Kesho, siku ya kufungua shule yake, nitapanda treni hiyo hiyo utakayopanda wewe. Nitakaa kwenye kiti nitakachoonyeshwa na nitasema maneno yanayotakiwa. Nimeyafanyia mazoezi bafuni: nilimfundisha mimi, namwachilia. Hilo neno la mwisho linanikwama kidogo, lakini litatoka. Ukipiga magoti mimi nitatazama dirishani. Usidhani nimekasirika; ni mama yangu yule, nivumilie. Na wivu sijaumaliza. Nakuja nao Liverpool, umo mfukoni na ncha iko nje.

Sanduku limenyamaza huko juu. Nadhani umelala, au umelikalia ili lifunge. Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako mlangoni pako, maana ukiamka jambo la kwanza ni kutafuta viatu.

Nina sharti moja tu. Chai ya Bwana Lau ni ya mchana. Saa kumi na mbili asubuhi mimi nitakuwa hapa jikoni, chini ya hii saa yenu. Shuka unimiminie kikombe kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya wiki hizi tatu, tangawizi, maziwa mengi, na ukimimine ukiwa umesimama. Chai ya kwanza ya kesho ni yangu, mama. Yeye atakunywa ya pili.

Ni mimi baba yako,
Mwakio